Baba Yuko Manowari

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama kituoni Edgware Road, London, mbele ya mkahawa wa Waarabu, nikisubiri basi ambalo kama kawaida yake halikuwa na haja na mimi. Mlango wa mkahawa ukafunguliwa, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ikatoka, na papo hapo likapita lori moja bovu likiacha moshi wa dizeli nyuma yake. Harufu hizo mbili zilipokutana puani mwangu, nililia. Tena si chozi la kupangusa kwa ncha ya kidole. Nililia mpaka mama mmoja mwenye abaya akanipa tishu na kuniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimesikia harufu ya babangu. Akanitazama, kisha akanipa tishu ya pili.

Babangu mwenyewe yu hai na mzima, anagombana na rimoti ya televisheni huko Rayners Lane. Kilichokufa ni meli yake. Asubuhi ya siku ile alinitumia picha kwenye simu: meli imelazwa ufukweni katika nchi ya mbali, imekatwa kuanzia pua mpaka tumboni, nyaya zinaning'inia kama tambi. Chini yake ameandika neno moja, "Wameimaliza." Mimi nikamjibu kwa kale kauso ka huzuni, nikaweka simu chini, nikaendelea na kazi zangu. Nilijiona mtu mzima. Sikujua kwamba jambo lenyewe limeniingia mpaka vitunguu vya watu viliponiumbua barabarani.

Baba alikuwa mpishi katika manowari ya Waingereza. Alitoka Mombasa kuja kusomea mambo ya hoteli, akakuta jeshi la majini linatafuta wapishi, akasema atajaribu mwaka mmoja, na huo mwaka mmoja ukageuka maisha yake. Meli ikiwa bandarini Portsmouth, alikuja kwetu Rayners Lane kwa treni mwisho wa juma, na kabla hajafungua kinywa nilikuwa nimeshamjua kwa harufu. Vitunguu vilikuwa vya jikoni kwake, dizeli ilikuwa ya meli, na vyote viwili vilikuwa vimeingia kwenye nguo, kwenye begi, hata kwenye masikio yake, maana nilikuwa nikimnusa masikio. Meli ikisafiri, tulikaa bila yeye kwa miezi.

Sasa nieleze jambo ambalo wenzangu mliolelewa huku mtalielewa upesi, na wengine mtanicheka, chekeni tu. Mimi ni mtoto wa London. Kiswahili nilikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza. Na Kiswahili chenyewe nilichokisikia nyumbani kilikuwa cha kuchovya: Mama, ambaye ni nesi, alisema ana mashifti mengi, kwamba mabili yamekuja, kwamba watu wa kaunsili wanataka mafomu. Kila neno la Kiingereza alilivalisha "ma" mbele na likapita. Kwa hiyo kila Jumapili alipokwangua kadi ya simu na kupiga Mombasa, nami nikamsikia akiwaambia watu, "Baba Zena hayupo, yuko manowari," sikuwa na shaka hata kidogo nimesikia nini. Yuko ma-no-worry. Yaani yuko mahali ambapo hapana wasiwasi, tena kwa wingi.

Nililiona ni jina la mahali; kwamba Baba anapika ndani ya meli, hakuna aliyewahi kunieleza. Shuleni mwalimu alipotuuliza wazazi wetu wako wapi, nilisimama nikasema kwa fahari kwamba babangu yuko No Worry. Mwalimu akainamisha kichwa upande, akaniambia kwa sauti laini kwamba huko ni kuzuri sana, akanibandika nyota kifuani. Jioni langoni alimshika Mama mkono akampa pole. Mama akafikiri anapewa pole kwa upweke, akashukuru sana, na njiani akasema Waingereza wana utu ukiwazoea. Mpaka alipohama shule ile, nadhani yule mwalimu aliamini babangu ni marehemu.

Lakini si kwamba neno lile lilinifurahisha. Liliniuma, na nitawaambia kwa nini. Kabla Baba hajaondoka safari ile ndefu, niliwasikia wakizungumza jikoni. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchezea chakula, wali naupanga pembeni mwa sahani, natengeneza milima, mwisho unatupwa. Mama akasema, "Huyu Zena ananitia wasiwasi." Baba akasema, "Hata mimi." Basi, kesho yake akabeba begi, na Jumapili ikatangazwa kwa simu kwamba yuko no worry. Mtoto wa miaka saba hahitaji wakili wa kumwelezea. Wasiwasi ni worry, na worry ni mimi. Baba amekwenda mahali ambapo mimi sipo.

Kwa hiyo nikajirekebisha, bila kumwambia mtu. Nilimaliza wali, hata ukoko. Sikulia nilipoanguka. Dawa ya meno niliifunga kifuniko. Mama akawa anawaambia watu wa Mombasa kwamba mtoto amekua ghafla, mashaallah, na mimi nikisikia nasubiri habari hizo zimfikie Baba arudi. Nilitaka arudi kuliko kitu chochote duniani, na niliamini kurudi kwake kuko mikononi mwangu.

Chini yetu palikuwa na duka la Anko Mansukh. Alikuwa Mhindi wa Mombasa, mzaliwa wa Makadara, aliyekuja London akiwa kijana na kuleta Kiswahili chake kizima kizima, tena cha mji kuliko cha Mama. Aliuza unga wa mahindi, muhogo wa barafu, chevda za kutafuna na hizo kadi za simu. Na alikuwa na ugonjwa mmoja: kukusanya bahasha. Wengine hukusanya stempu, yeye stempu hakuzijali. Alitaka bahasha nzima iliyotoka kwenye manowari, yenye muhuri wa duara wa posta ya jeshi na, pembeni, muhuri wa meli yenyewe. "Stempu ni picha tu, binti," aliniambia. "Muhuri ndio unaokwambia meli ilikuwa wapi na ilikuwa na nani."

Sasa fikirieni furaha yake alipogundua kwamba mpangaji wa juu anapika ndani ya meli ileile aliyoipanda yeye Kilindini alipokuwa kijana, siku ambayo watu wa mji waliruhusiwa kuitembelea. Baharia alimpa biskuti, na yeye akaomba kutuma barua kutoka humo ndani, akajitumia mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa bahasha yake ya kwanza. Tangu hapo akaanza kuwafukuzia watu, kuandikia maafisa, kununua kwa wazee sokoni, akaijengea meli ile maisha yake yote katika albamu, tangu iliposhushwa majini. Aliiita "bibi". Alifungua kurasa juu ya kaunta na kunisimulia: hapa bibi alipita Gibraltar, hapa alivuka Suez, hapa injini ilimsumbua akalala Malta, hapa alikwenda kusini kabisa kwenye barafu, tazama muhuri umekwaruzika kwa baridi. Mimi nilidhani ni bibi kweli, mwanamke mzee mwenye kutembea sana. Wala sikumhusisha na Baba.

Basi mpango ukawa hivi. Barua ya Baba ikija, Mama alibaki na barua, Anko akachukua bahasha, na mimi nilipewa zote mbili kwanza nizinuse. Siku moja nikiwa kaunta nikamuuliza Anko barua zetu za kumjibu Baba zinakwenda mji gani, maana juu ya bahasha Mama aliandika jina la Baba, jina jingine nisilolijua na namba, hakuna mtaa wala mji. Anko akafurahi kuulizwa. "Barua zote za manowari zinakwenda Northolt," akasema. "Hapo tu. Unapanda basi moja."

Alisema kweli kabisa, posta ya jeshi ilikuwa huko. Lakini mimi nilisikia jingine. No Worry iko Northolt. Northolt tunapita tukienda kwa daktari wa meno. Kumbe babangu amekaa hapo pua na mdomo na sisi, anakula, analala, na haji.

Halafu barua zikakoma. Wiki moja, ya pili, na zaidi. Mama akawa anasikiliza taarifa ya habari amesimama, kijiko mkononi. Anko Mansukh akawa haniulizi tena kama posta imekuja, anapanga tu muhogo wake. Mimi nikajua sababu: Baba amezoea. Huko hakuna wasiwasi, sasa atakumbuka nini huku? Nikaona nikingoja habari zimfikie zenyewe, hazitamfikia.

Nikamwambia Anko, "Nipeleke Northolt."

Nafikiri katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwomba jambo hilo. Mkewe hakutaka hata kusikia habari za bahasha. Anko akatabasamu mpaka masharubu yakapanda, akaenda kumwomba Mama ruhusa, na Mama mwenye shifti ya Jumamosi akakubali haraka. Siku hiyo nilivaa nguo yangu ya Idi. Mchana nilikula wali kutoka kwenye kikopo changu cha shule, nikafunga kifuniko bila kukiosha, nikakiweka kwenye mkoba. Anko akaniuliza nimebeba nini. Nikasema ni cha Baba. Akafikiri ni chakula, akanipapasa kichwa.

Northolt penyewe palinivunja moyo. Palikuwa na uzio mrefu, majani, vindege vidogo vimetulia, na lango lenye askari mwenye bunduki na pua nyekundu ya baridi. Anko alisimama nje ya uzio mikono nyuma, ametulia kama yuko mahali pa ibada, akaanza kunieleza jinsi magunia ya barua yanavyopangwa humo kabla ya kuruka kwenda bandari zote za dunia. Mimi sikumngoja amalize. Nilikwenda moja kwa moja kwa yule askari, nikafungua kikopo, nikamwinulia.

"Nimekuja kumchukua babangu," nikamwambia kwa Kiingereza. "Mwonyeshe hiki. Nimemaliza wali wote. Mwambie simtii mtu wasiwasi tena."

Askari akatazama kikopo kitupu, akanitazama mimi. Akapiga goti moja, bunduki akaisogeza nyuma. "Babako anafanya kazi humu, mpenzi?"

"Yuko No Worry," nikasema.

Yule askari akainua macho kumtafuta mwenye mtoto. Anko Mansukh alikuwa amefika, anahema, na nilimwona akibadilika uso. Alikuwa ameelewa, maana yeye alikuwa na masikio ya lugha zote mbili. Akamwomba askari radhi, akanishika mkono, tukakaa kwenye benchi la kituo cha basi. Nikamweleza yote, kuanzia jikoni. Mtu mwingine angecheka. Anko alitoa kalamu, akaandika kwenye mfuko wa karatasi wa chevda aliyonibebea, herufi kubwa, neno moja bila nafasi katikati: MANOWARI.

"Soma," akasema.

Nikasoma.

"Ni neno la Kiswahili. Ni meli ya vita. Babako yuko ndani ya meli, yule bibi wa albamu yangu. Hapa zinapita barua tu."

"Kwa hiyo hayuko hapa?"

"Yuko mbali sana, baharini."

Nikafikiri. "Na huko baharini, kuna worry?"

Anko Mansukh alikuwa mtu wa kukudanganya kuhusu upya wa bamia, lakini kwa jambo kama lile hakuweza. Alikunja mfuko, akaukunjua. "Ipo," akasema. Halafu akaona amefanya nini, akaanza kukimbiza maneno. Akasema manowari ya Baba ni ya aina inayoitwa distroya, na hapo nikashtuka zaidi, kwa sababu neno hilo la Kiingereza nililijua, ni la kuangamiza. Hapana, hapana, akasema, jina ndilo baya, kazi yake ni kulinda. Inakwenda mbele ya meli nyingine, ndege zikija inazizuia zisiwafikie wenziwe. Na babako yuko ndani anawapikia hao wanaolinda. Nikalia palepale kituoni kwa sauti yangu yote, ule utulivu wangu wa miezi ukaisha wote kwa mara moja. Mpaka dakika ile niliogopa kwamba Baba hatutaki. Sasa niliogopa kwamba anaweza kufa. Woga huu wa pili ulikuwa mkubwa zaidi, lakini, na sijui niseme vipi, ulikuwa na raha ndani yake. Hakutukimbia.

Jioni Anko alimweleza Mama, mbele ya friza la muhogo. Mama alianza kucheka, akacheka mpaka akashika friza, kisha nikaona si kicheko tena. Akaniinua ingawa nilikuwa nimeshakuwa mzito. "Nilisema unanitia wasiwasi kwa sababu huli," akaniambia sikioni. "Mtu huwa na wasiwasi juu ya anayempenda. Nani ana wasiwasi juu ya mtoto wa jirani?" Tukapanda juu, akanipa karatasi na kalamu, akasema mwulize mwenyewe.

Nikaandika. Kwamba nimekula wali. Kwamba nilikwenda Northolt hakuwepo. Kwamba nilifikiri yuko No Worry kwa sababu yangu, na je, ni kweli? Mama hakusahihisha hata neno. Tukaipeleka posta pamoja, na kuanzia siku hiyo tukawa watu watatu wa kusubiri, maana Anko naye alitoka nje kila mtu wa posta alipopita.

Jibu lilifika asubuhi moja ya mvua. Mwenye kulileta juu alikuwa Anko mwenyewe, ameshika bahasha kwa vidole viwili, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa zawadi na kupigwa kofi kwa wakati mmoja. Muhuri wa posta ulikuwa safi. Muhuri wa meli ulikuwa safi, na wa bandari ambayo albamu yake haikuwa nayo. Lakini juu ya mihuri yote miwili, kwa kalamu nene ya kuandikia makontena ya jikoni, Baba alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: KUTOKA WORRY, KWENDA NO WORRY, RAYNERS LANE.

"Ameiharibu," Anko akasema kwa unyonge.

Ndani mlikuwa na ukurasa mmoja. Ulinuka vitunguu. Alieleza kwamba walikuwa mahali ambapo barua zilizuiwa kwa muda, kwamba yote sasa ni salama, na kwamba mimi sikumfukuza kamwe. Aliandika: "Worry iko huku, mwanangu. Hapo mlipo wewe na Mama ndipo no worry, na ndipo ninapojaribu kufika kila siku. Niwekee wali." Mama aliusoma kwa sauti mara moja, mara ya pili sauti ikamkatikia. Anko akajifanya anaangalia mvua. Kisha akakohoa, akauliza kama pamoja na uharibifu ule anaweza kuichukua bahasha. Nikakataa. Ndiyo bahasha pekee niliyomnyima, na hakunisamehe mpaka alipokufa, ijapokuwa kila siku ya kuzaliwa kwangu alinipa chokoleti na kuniuliza kama nimebadili mawazo.

Baba alirudi majira ya joto. Tulikwenda Portsmouth kumpokea, na nikaiona manowari yenyewe kwa mara ya kwanza, ya kijivu, kubwa, imechoka, ina kutu puani. Nikampungia mkono bibi wa Anko Mansukh. Baba akashuka kwenye ngazi amebeba begi, akaniinua, nikamnusa sikio. Nyumbani alikula na mimi sahani moja, akahakikisha simalizi peke yangu. Na kuanzia siku hiyo neno lilibadilika kwetu. Nyumbani pakawa ndipo manowari. Mama akitoka shifti alipiga simu, "Niko njiani nakuja manowari." Nikiwa chuo kikuu nikichoka na watu, nilimwambia Baba kwamba nataka kwenda manowari, naye alikuja na gari bila kuuliza sababu. Wageni walidhani sote ni wanajeshi.

Anko alipofariki, mwanawe alimletea Baba albamu zote. Ziko kwetu, maisha mazima ya meli moja, tangu iliposhushwa majini mpaka ilipostaafu, mihuri yake imepangwa kwa mkono wa mtu aliyeipenda. Katikati, kati ya bandari mbili, kuna nafasi moja tupu. Imezungushiwa mstari wa penseli, saizi ya bahasha, na ndani yake ameandika jina langu.

Hayo yote yalinipitia pale kituoni, na yule mama wa abaya bado ananiangalia. Bahasha ile naibeba mkobani miaka yote, imelainika kama kitambaa. Niliitoa, nikainusa. Haina harufu tena, ni karatasi tu. Nikaona huu ndio wakati wa kuirudisha mahali pake, maana sasa bibi hatapokea wala kutuma nyingine. Basi likaja, nikapanda, nikampigia simu Baba. Nilitaka kumwambia pole kwa meli yake, ile pole ambayo asubuhi nilikaachia kale kauso kaifikishe.

"Baba," nikasema, "uko wapi?"

Nikasikia televisheni, nikasikia kijiko kikigonga sufuria.

"Niko manowari, mwanangu," akasema. "Wali uko tayari. Njoo usinitie wasiwasi."